Alama za + na − kwenye liva hazifanyi gari kuwa semi-otomatiki

Leo naziacha seva na hifadhidata zipumzike, maana kuna jambo linanikera kila nikipitia matangazo ya magari ya mtumba. Utaona picha ya Subaru, chini yake imeandikwa "semi-oto". Utaona Golf, "semi-oto". Honda Fit hybridi, "oto". Kigari cha mizigo cha Suzuki Every chenye giaboksi ya AGS, "oto", tena kwa herufi kubwa. Sasa zifungue giaboksi za magari hayo manne uziweke mezani. Utapata mashine za aina tatu zisizofanana, na ile ya Every, iliyonyimwa hata neno "semi", ndiyo semi-otomatiki kuliko zote. Ile ya Subaru, iliyosifiwa kwa neno hilo, haina gia hata moja ya kubadilisha.

Mtaniambia ni maneno tu. Sivyo. Watu wanachoma klachi kwa sababu ya maneno hayo, wanamwaga oili isiyofaa, na wanateremka milima mikali wakidhani wameshika hatamu ilhali hawajashika kitu. Kwa hiyo nitasema, na mwenye kukasirika akasirike.

Tuanze na msingi. Kila gia inapobadilika kuna kazi mbili. Kwanza uamuzi: sasa ni wakati wa kuingia ya tatu. Pili utekelezaji: kuachia mafuta, kukata klachi, kusogeza meno, kurudisha klachi taratibu bila kumtikisa abiria. Kwenye manyuali, kazi zote mbili ni zako. Kwenye otomatiki, zote mbili ni za mashine, na imekuwa hivyo tangu General Motors walipotangaza Hydra-Matic mwaka 1939 kwa ajili ya Oldsmobile za mwaka uliofuata. Semi-otomatiki inazigawanya: wewe unaamua, mashine inatekeleza. Ni hayo tu. Sisi waandishi wa programu mgawanyo huu tunaujua vizuri, maana ndio tunaoulia mkate. Mtumiaji anatoa amri, msimbo unaifanya. Siku msimbo unapoanza kuamua amri ipi mtumiaji alikuwa anaitaka, hapo umeshakuwa kitu kingine.

Wala usidhani ni teknolojia ya juzi. Citroën DS ya mwaka 1955 haikuwa na pedali ya klachi. Dereva alisukuma kijiti kidogo nyuma ya usukani, hidroliki ikakata klachi, ikasogeza gia, ikairudisha klachi. Kompyuta hakuna. Mwaka 1968 Volkswagen wakauza Beetle yenye kitu walichokiita Autostick: ukiigusa tu liva, swichi ya umeme iliyo ndani yake inaamsha kifaa kinachovuta klachi kwa nguvu ya ombwe la injini. (Ole wako kama una tabia ya kupumzisha mkono juu ya liva. Gari lilikuwa linaachia klachi katikati ya barabara.) Porsche nao walikuwa na Sportomatic kwa mtindo huohuo. Mashine hizi zilikuwa na kasoro zao, lakini hakuna hata moja iliyobishana na dereva kuhusu gia.

Na kama wewe ni mtu wa kusema semi-otomatiki ni ya wasiojua kuendesha, basi kamwambie Nigel Mansell. Mwaka 1989 alishinda mbio za Brazili akiwa na Ferrari iliyobuniwa na John Barnard, yenye vibonyezo nyuma ya usukani badala ya liva. Miaka michache baadaye karibu kila timu ya Formula 1 ilikuwa imefuata. Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha baadaye. Kati ya 2001 na 2003 timu ziliruhusiwa kuiacha kompyuta ibadilishe gia yenyewe, na ilifanya hivyo barabara. Kuanzia 2004 ikapigwa marufuku: dereva lazima aombe kila gia mwenyewe. Klachi na meno endeleeni kuyaachia mashine, wakaambiwa, lakini uamuzi rudisheni kwa binadamu. Yaani mchezo wenye wahandisi ghali kuliko wote duniani ulichora mstari palepale ninapouchora mimi.

Basi huu mkanganyiko ulitoka wapi? Kwa maoni yangu ulianzia kwa Porsche hao hao, mwaka 1989, walipoleta Tiptronic. Ilikuwa otomatiki ya kawaida kabisa, yenye toki konveta, yaani lile bakuli la oili linalosimama mahali pa klachi, ambapo feni moja inasukuma oili na oili inaizungusha feni ya pili. Walichoongeza ni njia ya pembeni kwenye liva, yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Wazo zuri, sikatai. Lakini likaigwa na kila kiwanda, na baada ya muda kila liva yenye alama hizo ikaitwa semi-oto.

Ukweli ni kwamba pale hutoi amri, unatuma ombi. Ni kama kutuma ombi kwenye seva ambayo ina haki ya kukujibu hapana. Mengi ya magari haya, ukifikisha injini kwenye mstari mwekundu, yanapandisha gia yenyewe hata kama hukutaka. Mengine, ukibonyeza kibonyezo ukiwa kwenye D, yanakusikiliza kwa sekunde chache halafu yanarudi kufanya yao. Kukataa kunakolinda injini nakubali. Ukiomba gia ya kwanza ukiwa kilomita 100 kwa saa, bora ukataliwe. Lakini kunisahau baada ya sekunde chache si ulinzi. Ni karani anayepokea barua yako, anaigonga muhuri, kisha anaitia kwenye droo.

CVT ndiyo inayonichekesha zaidi. Ndani yake kuna puli mbili zinazojipanua na kujibana, na mkanda wa chuma kati yake (kwenye Lineartronic ya Subaru ni mnyororo). Uwiano unateleza bila ngazi kama sauti ya redio unapozungusha kitufe. Hakuna gia ya pili wala ya tano. Wakaona wateja wanalalamika kwamba gari halina "hisia", wakaweka vibonyezo na "gia" sita ambazo ni namba sita ndani ya msimbo, hazina jino hata moja. Nimeandika programu za kutosha kuijua hila hii: mteja akitaka kitufe, mpe kitufe. Hata hivyo nitatenda haki. Ukiwa kwenye mteremko, hizo namba sita zina faida ya kweli, kwa sababu zinashikilia uwiano mahali pamoja na injini inasaidia kuzuia gari. Zitumie. Ila usiniambie umenunua semi-otomatiki.

Sasa njoo kwa Every, yule mnyonge. AGS ya Suzuki ni giaboksi ya manyuali yenye gia 5, ile ile ya kawaida, ambayo imefungiwa kifaa cha hidroliki na umeme kinachofanya kazi ya mguu wako wa kushoto na mkono wako. Ukiweka D, kompyuta inaamua. Ukiweka M, unaamua wewe. Vyovyote iwavyo, katikati ya injini na magurudumu kuna pleti kavu ya klachi, na pleti hiyo inalika kama ya gari lolote la manyuali. Watu wanaicheka kwa sababu inapobadilisha gia gari linainama kama mzee anayesinzia kanisani. Inainama kwa sababu lazima ikate nguvu, ibadilishe, irudishe. Hiyo ni kazi ya hatua moja moja, haiwezi kufanya mbili kwa pamoja. Ukijua hivyo, unaachia mafuta kidogo wakati wa kubadilisha, kama ungefanya kwenye manyuali, na kuinama kunapungua sana. Lakini nani alikuambia? Tangazo lilisema oto.

Nina rafiki Kisii anayesambaza mikate kwa Every. Anayeijua Kisii anajua vilima vyake. Muuzaji alimwambia gari ni oto, naye akaliendesha kama oto: kwenye foleni ya kupanda, badala ya kukanyaga breki, alilishikilia gari lisirudi nyuma kwa kugusa mafuta. Kwenye otomatiki ya toki konveta tabia hiyo inapasha oili joto tu, si nzuri lakini utaishi nayo. Kwenye pleti kavu ni sawa na kusugua kiberiti mchana kutwa. Klachi ikaisha. Fundi wa kwanza akatangaza giaboksi imekufa, itafutwe nyingine, na akataja bei ambayo ingeuza nusu ya gari. Fundi wa pili akafungua, akakuta giaboksi nzima na pleti imeungua. Akabadilisha pleti, gari likakataa kwenda vizuri bado, kwa sababu baada ya klachi mpya kompyuta inapaswa kufundishwa upya klachi inaanza kushika wapi, na hilo linahitaji kifaa cha uchunguzi na mtu anayejua kwamba hatua hiyo ipo. Siku tisa bila kusambaza mikate. Siwalaumu mafundi sana. Wao pia waliambiwa ni oto.

Hapo ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapopandwa na hasira. Giaboksi za siku hizi nusu yake ni chuma na nusu yake ni msimbo. Hitilafu inaweza kuwa kwenye nusu yoyote. Ukiwa hujui ni mashine ya aina gani, hujui hata pa kuanzia kutafuta.

Chukua zile za klachi mbili, kama DSG ambayo Volkswagen waliileta kwenye Golf R32 mwaka 2003. Klachi moja ina gia witiri, nyingine ina gia shufwa. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshaandaliwa, inasubiri. Kubadilisha ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, na abiria hajui. Waliosoma muundo wa kompyuta wataikumbuka mbinu ya prosesa kubashiri tawi lijalo. Uzuri ni uleule na udhaifu ni uleule: ikibashiri kwamba utapanda, nawe ghafla ukataka kushuka, unasubiri. Ni uhandisi mzuri mno. Lakini zipo za klachi zinazoogelea kwenye oili na zipo za klachi kavu, na hizo kavu zimewatoa watu machozi. Mwezi Machi 2013 Volkswagen walilazimika kuita magari 384,181 nchini China kwa sababu ya matatizo ya DSG. Honda, kwenye Fit hybridi yenye klachi mbili iliyotoka 2013, waliita magari mara kadhaa nchini Japani ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi, na baadhi ya miito hiyo ilihusu programu inayoendesha giaboksi. Ford ndio walitia fora. Giaboksi yao ya PowerShift ya klachi kavu ilitetemesha magari huko Australia, na mwaka 2018 mahakama iliwatoza faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi walivyowatendea wateja waliolalamika. Wengi wa wateja hao walikuwa wameambiwa kwamba mtetemo unatokana na namna wanavyoendesha!

Mtumiaji kulaumiwa kwa hitilafu ya programu. Nimeisikia hiyo mahali.

Sasa zile Fit ndizo hizi zinazopishana Nairobi na Mombasa. Kanuni yetu ya Kenya ya kutoingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 haiulizi kama gari liliitwa kiwandani likarekebishwa au la. Ukiwa na namba ya chesisi unaweza kuangalia kwenye tovuti ya Honda ya Japani kama kazi ilifanyika. Ni dakika kumi, pamoja na kuhangaika na maandishi ya Kijapani. Na ile Fit ya petroli inayofanana nayo kwa umbo? Nyingi ni CVT. Sura moja, matumbo mbalimbali, oili tofauti, na kwenye tangazo zote mbili ni "oto".

Najua kuna wanaosoma haya wakitabasamu. Wale wa "dereva halisi anakanyaga klachi". Nanyi nina neno nanyi. Manyuali inakupa uamuzi wote, ukiwemo ule wa kipumbavu. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale Salgaa, imepata jina baya kwa ajali za malori, na moja ya sababu zilizotajwa miaka nenda miaka rudi ni madereva kutoa gia na kuteremka nyutro ili kuokoa mafuta. Cha kuumiza zaidi ni kwamba kwa injini yenye mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta, hakuna wanachookoa. Ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukitoa gia, injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Watu wanahatarisha roho kwa akiba iliyokuwepo enzi za kabureta.

Na malori yenyewe yamewaacha nyuma, enyi wa klachi. Volvo wameuza I-Shift tangu 2001: meno ya manyuali, pedali ya klachi hakuna. Ina hata hali ya kuachia gari liteleze bila gia kwenye mteremko mdogo, kitendo kilekile cha Salgaa, ila kompyuta inakifanya kwa masharti na inakisitisha mara masharti yakivunjika. Mtasema najipinga, maana hapo mashine ndiyo inayoamua. Sijipingi. Sisemi uamuzi wa binadamu ni bora siku zote. Nasema ijulikane ni wa nani. Dereva wa lori lile amefundishwa ni kipi kinafanywa na lori na kipi ni chake. Mnunuzi wa Subaru yetu ameambiwa "semi-oto", akaenda zake.

Nawaza yule anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu na familia nyuma. Ameacha D. Ameondoa mguu kwenye mafuta, na otomatiki nyingi zikiona hivyo zinapandisha gia, kwa sababu zimeandikwa kuokoa mafuta, na gari linazidi kukimbia. Anashika breki, anashika tena, breki zinapata moto. Kama gari lake ni otomatiki ya kawaida alipaswa kushuka kwenye 2 au L mapema. Kama ni CVT, zile namba za uongo zingemsaidia. Kama ni AGS au DSG, aingie M na ashikilie ya pili. Jibu ni tofauti kwa kila mashine, naye hajui ana mashine gani.

Sheria nayo haisaidii. Uingereza wanapima kwa pedali: gari lisilo na pedali ya klachi ni otomatiki, basi. Leseni zetu nazo zina kitengo cha otomatiki peke yake. Kwa kumpima mtu miguu yake inatosha. Kwa kuuza gari haitoshi hata kidogo.

Kuna hoja moja ya wajanja, kwamba magari ya umeme yanakuja, hayana gia, mjadala umekufa. Wawaulize Hyundai, ambao mwaka 2023 walitoa Ioniq 5 N, gari la umeme linaloigiza gia 8 kwa programu, pamoja na mshtuko wake na mlio wake. Na wawaulize Honda kuhusu Super Cub ya mwaka 1958: miguu inachagua gia, klachi inajishika yenyewe, mkono wa kushoto uko huru. Kufikia 2017 Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 100. Chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote katika historia ni semi-otomatiki, na hakina alama ya + wala −.

Ninachotaka si kikubwa. Kila gari la mtumba hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini ili likubalike na KEBS. Kwenye karatasi hiyo paongezwe mstari mmoja: toki konveta, CVT, manyuali inayojiendesha, klachi mbili kavu, klachi mbili za oili. Taarifa ipo tayari. Kwenye Toyota, kwa mfano, msimbo wa giaboksi umepigwa kwenye kibati cha chuma chini ya boneti, ni kuusoma tu. Na anayeuza aulazimike mstari huo kwenye tangazo lake, kama anavyoandika ukubwa wa injini. Wauzaji watasema mteja hataki darasa, anataka rangi na bei. Mteja hakutaka darasa la CC pia, leo hata mtoto wa darasa la nne anakuambia gari la baba ni 1500.

Hadi hapo, jitetee mwenyewe. Kabla ya kutoa amana, muulize muuzaji maswali mawili: hapa katikati ya injini na magurudumu kuna pleti, oili au mkanda? Na nikishikilia gia ya pili nikiwa nateremka, itabaki ya pili mpaka niseme? Akikujibu "ni oto tu bosi, ingia uendeshe", funga mlango taratibu, umshukuru, uende kwa muuzaji wa pili.